Mwenyekiti, ukisoma "mtiririko wa fedha" watu wanasinzia

Mkuu pole na hongera ya uenyekiti wa kijiji. Umeuliza kwanini wananchi wako huko Rungwe wanakaa kimya ukisoma mapato na matumizi, alafu jioni kilabuni wanasema umekula hela. Jibu ni hivi, hawajakuelewa! Mimi nimekaa mikutano ya kijiji mingi tu, mtendaji anasimama anasoma "utekelezaji wa afua umefikia asilimia 64", wabibi wa nyuma wanaulizana kwa Kinyakyusa anasema nini huyu.

Sasa fanya hivi, sema kitu kinachoonekana kwa macho, mfano: "Kaya 212 zimechanga elfu kumi kumi, tukapata 2,120,000. Tumenunua bati 40 kwa 1,200,000, mnaziona pale darasani. Imebaki 920,000, ipo benki." Basi. Risiti zishike mkononi, anayetaka aje aone, na hesabu hiyohiyo iandike kwa maka peni herufi kubwa ubandike kwenye ubao wa matangazo na pale mashineni, maana ukweli ni kwamba ofisini kwenu hakuna anayekuja mpaka atake barua.

Mkutano mkuu ni kila miezi 3 kisheria, usisubiri mpaka watu wanune. Na usiweke siku ya gulio wala saa ambayo watu wako shambani wanachuma chai.

Ukimaliza usiulize "mmeelewa?", wataitikia ndiyooo hata kama hawajaelewa. Muombe mzee mmoja arudie kwa Kinyakyusa, akikosea ujue wewe ndo hujaeleza vizuri. Ndaga (asante).