Nenda ukawaone tena

Ndugu yangu, unauliza kama ufunge safari ukawaone tena Rolling Stones, ile bendi ya roki ya Uingereza, wakitangaza ziara nyingine, au ubaki na kumbukumbu za ujana wako, maana Charlie Watts, mpiga ngoma wao, hayupo na unaogopa kuvunjika moyo. Nenda.

Watts alifariki Agosti 2021, na kwenye ngoma sasa yuko Steve Jordan, anayepiga kwa nguvu zaidi. Kuna kitu utakikosa: Watts alikuwa akiinua mkono wa kulia kutoka kwenye matoazi kila wa kushoto ulipotua kwenye ngoma ndogo, na pengo lile dogo ndilo lililoufanya mdundo upumue. Mimi nilipowaona bila yeye, nyimbo mbili za kwanza nilisimama koo limenikaba. Kisha Keith Richards, mpiga gitaa wao, akakwaruza lile gitaa lake la nyuzi tano, uzi mzito kauondoa, na mtu nisiyemjua akanishika bega. Tukaimba wote hadi mwisho.

Ila usiende kudai sauti ya 1972. Mwimbaji wao, Mick Jagger, alizaliwa 1943. Sikiliza rekodi zao za jukwaani za karibuni, masikio yazoee kabla.

Tena chukua vizibo vya masikio, tafadhali. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya roki ya AC/DC, alilazimika kuacha ziara 2016 madaktari walipomwonya kuwa angeweza kuwa kiziwi kabisa.

Na yule uliyekwenda naye mara ya kwanza, kama bado yupo, mpigie simu leo.