Kabla hujafungua saa ya dashibodi

Wewe unayeanza kazi ya umeme wa magari hapa Kisumu, siku moja mzee fulani atakuletea Peugeot 404 au Land Rover ya zamani aseme saa ya dashibodi imekufa. Weka bisibisi chini, shika mita. Pima betri, kisha pima waya unaoingia nyuma ya saa. Mara nyingi kosa liko hapo: fyuzi imekatika, au athi (waya unaounga saa na bodi ya gari) imeliwa na kutu. Unyevu wa ziwa hauna huruma na shaba.

Ukipata volti 12 na saa bado kimya, sasa fungua. Saa nyingi za zamani hizo huendeshwa na springi ndogo. Ikilegea, pointi mbili hugusana, koili (waya uliosokotwa unaogeuka sumaku) hupata stima na kuirudisha springi kwa kishindo. Utasikia "ta!", kisha saa itembee dakika moja au mbili kabla ya "ta!" nyingine. Betri ikiwa dhaifu, koili hukosa nguvu ya kurusha. Pointi hubaki zimegusana, stima inapita bila kukatika, na koili inaungua. Kwa hiyo gari la kukaa gereji miezi mingi litolewe fyuzi ya saa. Mwambie mwenyewe hivyo, hata kama hakukuuliza.

Pointi zikiwa nyeusi tu, pitisha karatasi laini ya msasa mara moja au mbili, ufute kwa spiriti. Oili ni tone dogo la saa kwenye ncha za ekseli. Oili ya injini hapana. Uso wa saa usiuguse kwa thina, maandishi yatatoka yote. Na ukiona rangi ya kung'aa gizani kwenye mishale ya saa ya kabla ya miaka ya 1960, usiikwangue wala kuipuliza, huenda ina radiamu na vumbi lake ni sumu.

Koili ikishaungua, wateja wengi hukubali kuwekewa ndani mashine ya kwatsi ya volti 1.5, kama ile ya saa za ukutani. Binafsi siipendi, lakini inatembea. Pima kina cha kopo la saa kabla ya kununua, kwa sababu mashine za saa za ukutani nyingi ni nene. Mishale ya zamani nayo mara nyingi haishiki kwenye ekseli mpya, itabidi uitengenezee bushi, kipete kidogo cha kuishikisha.

Usiunge mashine hiyo moja kwa moja kwenye betri. Injini ikiwaka, waya una kama volti 14. Tumia regulata (kipunguza volti) ya LM317, rezista ya omu 240 kati ya mguu wa kutoka na ule wa kurekebisha, na ya omu 47 kutoka mguu wa kurekebisha hadi hasi. Utapata karibu volti 1.5. Mgongo wa chuma wa regulata umeungana na mguu wa kutoka, kwa hiyo uzibe usiguse bodi. Weka fyuzi ya ampea 1 mbele yake.

Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 bodi yake imeungwa kwenye chanya ya betri, si hasi. Ukiyazoea ya Kijapani utaunga kinyume na regulata itakufa papo hapo. Angalia ni nguzo gani ya betri imefungwa kwenye bodi, hata kama mwenyewe anakuapia.

Iache saa mezani kwenye betri usiku kucha kabla ya kuifunga. Mashine ya zamani irudishe kwa mwenyewe ndani ya bahasha, kwa sababu atakayenunua gari baadaye anaweza kuitaka.