Kuunganisha mwali wa rada na wa data kwenye antena zilezile

Mkuu, umeuliza: kama antena nane zilezile zinaweza kurusha data na kufanya kazi ya rada, kwa nini tusijumlishe tu miali miwili (mwali ni mawimbi ya redio yaliyoelekezwa upande mmoja) tukamaliza? Hata mimi nilianzia hapo, nikiwa maabara chuoni na safu ya antena nane za gigahezi 5.8. Wimbi la hapo lina urefu wa sentimita 5.2 hivi, kwa hiyo antena zilikaa sentimita 2.6 kutoka moja hadi nyingine, nusu ya wimbi.

Mwali hauelekezwi kwa kugeuza antena kwa mkono. Unaichelewesha fezi ya kila antena, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake wa nyuzi 360, kidogo kuliko ya jirani yake. Mwali ukienda mbele moja kwa moja, tofauti ni sifuri. Ukienda pembeni nyuzi 30, tofauti ni nyuzi 90 za fezi kutoka antena hadi antena. Mpokeaji wangu wa data alikuwa mbele, rada nikaipeleka nyuzi 30. Nikajumlisha, nikawasha.

Antena ya tatu na ya saba zikawa kimya kabisa. Nikabadilisha amplifaya ya tatu, yaani kikuza nguvu cha antena hiyo, kimya. Nikahamisha kebo, kimya vilevile. Siku mbili zilipita kabla sijakaa na karatasi nikaandika namba za antena moja moja. Kwenye antena ya tatu, mwali wa rada ulikuwa umefika nyuzi 180, kinyume kabisa na ule wa data, hivyo ikafutana. Ya saba hivyohivyo. Na ya kwanza na ya tano zilibebeshwa kupita kiasi, amplifaya zake zinachemka.

Dawa yake ilinifurahisha sana: niliongeza nyuzi 45 kwenye mwali wote wa rada. Uelekeo haubadiliki, kwa sababu tofauti kati ya majirani ni ileile 90, lakini hakuna antena tena inayofikia sifuri. Ukiwa na pembe nyingine, jaribu nyongeza tofauti mpaka mzigo wa amplifaya ukaribiane.

Sasa mgao wa nguvu. Mwangwi wa rada unaenda na kurudi, kwa hiyo nguvu yake hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Ukiipa rada nusu ya nguvu, inabaki na asilimia 84 ya umbali wake. Data inaenda upande mmoja tu. Nusu ya nguvu, mahali pa wazi, inakuachia asilimia 71. Ndiyo maana mimi huanza na mpokeaji wa data: nampa kinachomtosha kwa kasi anayohitaji, kinachobaki chote ni cha rada. Wapo wanaoanza na rada, na kama kazi yako ni kuzuia magari yasigongane nitakuelewa.

Kebo usizidharau. Ndani ya kebo zangu wimbi lilitembea kwa theluthi mbili hivi za kasi ya mwanga, kwa hiyo kebo iliyozidi sentimita moja tu ilivuruga fezi kwa zaidi ya nyuzi 100. Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na mwali ukaharibika. Pima fezi ya kila njia, kuanzia amplifaya mpaka antena, uiondoe kwenye namba zako kabla ya kuwasha. Ukishapima, weka hapa hizo namba nane na pembe zako mbili, tuzipitie pamoja.