Karatasi za magari ya zamani kutoka gereji ya baba mkubwa: zipi zina thamani, na zitunzwe vipi

Ndugu mleta mada, pole sana kwa msiba. Umeeleza kwamba marehemu baba yako mkubwa, aliyekuwa na gereji Moshi, ameacha sanduku la bati lenye programu tatu (vijitabu vya ratiba na majina ya madereva) za mashindano ya magari ya Safari, vipeperushi vya Peugeot na Datsun, ramani za barabara na "makaratasi mengine ya kawaida". Kwamba amejitokeza mnunuzi anayezitaka programu peke yake. Na kwamba zitakazobaki unafikiria kuzipiga laminesheni zisiharibike zaidi. Nimekusanya karatasi za aina hii kwa miaka mingi, nyingi zikiwa za Afrika Mashariki, nami naomba nikujibu kwa urefu, kwa sababu hayo makaratasi ya kawaida uliyoyapita haraka ndiyo ambayo ningeanza kuyafungua.

Nianze hata hivyo na programu, kwa kuwa ndizo zilizomleta mnunuzi. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo mwanzo magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, kwa hiyo karatasi za miaka hiyo ya kwanza zinamwonyesha msomaji pia gari gani lilihesabiwa kuwa la mtu wa kawaida na lipi la mwenye nacho. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari, na mwaka 1963, katika magari 84 yaliyoanza, yalimaliza 7 tu, la kwanza likiwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, akashinda kwa 404 mwaka 1966 na tena 1967 pamoja na Chris Rothwell. Ndiyo maana haishangazi hata kidogo kukuta vipeperushi vya Peugeot katika gereji ya Moshi: kila ushindi uligeuzwa tangazo, na mafundi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyapokea matangazo hayo.

Wanunuzi wengi huulizia programu safi isiyoguswa. Mimi huitafuta iliyochorwa. Ninayo moja ya mwaka 1968, mwaka mwingine ambao yalimaliza magari 7, na mwenyewe wa kwanza, bila shaka akiwa ameketi kando ya redio sikukuu ile ya Pasaka, alikata kwa penseli jina la kila dereva aliyetoka na kuandika pembeni sababu kwa neno moja: "matope", "gia", "maji". Penye majina mawili ameweka alama ya kuuliza, na ukurasa wa katikati una duara la kahawia lililoachwa na kikombe cha chai. Ikiwa zako zina maandishi ya namna hiyo, usifute chochote, wala usimruhusu mnunuzi akushawishi kwamba yamepunguza bei. Orodha ya washindi inapatikana kokote, lakini namna watu wa huku walivyoyafuatilia mashindano hayo nyumbani kwao haikuandikwa mahali pengine ila pembeni mwa kurasa hizo.

Sasa nirudi kwenye yale ya kawaida. Kipeperushi cha 404 kilichapishwa kwa maelfu huko Ufaransa, na Ulaya wapo waliovihifadhi tangu siku vilipotoka, kwa hiyo ukikikosa leo utakipata kesho. Lakini hati ya kazi ya gereji, yenye orodha ya spea, jina la fundi na bei ya siku ile, au stakabadhi ya mafuta, stika ya bima, kadi ya gari iliyofutwa, barua ya wakala inayoeleza kwamba kreti ya vipuri imekwama bandarini, hizo zilitoka nakala moja au mbili tu, na hapa kwetu karatasi yenye upande mmoja mweupe haikukaa sana. Iliishia kufungia karanga na maandazi, au kuwashia jiko. Nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa kitabu cha maelekezo cha Land Rover, sehemu ya breki, nikamwomba muuzaji anionyeshe zilizobaki. Zilikuwa zimebaki kurasa chache za gia, naye alinipa bure huku akinicheka.

Mfano bora zaidi ni vibali vya Jumapili. Wakubwa wetu wanakumbuka enzi za shida ya mafuta, pale Serikali ya Tanzania ilipozuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na aliyekuwa na dharura alihitaji kibali. Ukikuta kikaratasi cha namna hiyo, chenye mhuri, namba ya gari na sababu ya safari, kiweke mahali pake peke yake, maana kwangu mimi kinashinda vipeperushi vyote vya sanduku hilo. Vivyo hivyo karatasi yoyote ya kiwanda cha Tamco, Kibaha, ambako malori ya Scania yaliunganishwa: picha za malori hayo zipo, lakini fomu za kiwandani na kadi za matengenezo ni adimu mno.

Kuhusu kujua umri wa karatasi isiyo na tarehe, tazama kwanza maneno madogo chini ya ukurasa wa mwisho, ambako wachapaji wengi waliweka namba ya chapa ambayo mara nyingi hubeba mwezi na mwaka. Isipokuwepo, soma anwani. Ramani au risiti inayotaja Tanganyika kama nchi kwa kawaida ni ya kabla ya Muungano wa Aprili 1964, ingawa makampuni yalimaliza kwanza karatasi zao za zamani, kwa hiyo uachie nafasi ya mwaka au zaidi. Kwa Nairobi, duka lililoandikwa Delamere Avenue ni la kabla jina halijawa Kenyatta Avenue, na lililoandikwa Government Road ni la kabla ya Moi Avenue. Ramani za Michelin zina msaada wa pekee, kwa kuwa ile ya Afrika ya kati na kusini ilikuwa namba 155, baadaye ikawa 955, kisha 746; namba ya jaladani peke yake inakuonyesha uko katika kipindi gani. Stempu nazo zisibanduliwe kwenye bahasha, hasa zile za Safari zilizotolewa mwaka 1965 na posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu bahasha yenye mhuri wa posta inaeleza mengi kuliko stempu iliyooshwa.

Nakala bandia zipo, hasa za programu. Chukua kioo cha kukuzia: picha iliyochapwa kiwandani enzi hizo huonyesha nukta zilizopangika kwa safu, ilhali printa ya siku hizi hunyunyiza nukta ovyo. Taa ya kukagulia noti nayo husaidia, kwa sababu karatasi za kabla ya miaka ya 1950 hazikutiwa dawa ya weupe, hivyo hazing'ai kwa rangi ya buluu chini ya taa hiyo. Programu ya 1953 iking'aa hivyo, inatia shaka. Kwa ya 1968 mng'ao huo hauthibitishi lolote.

Laminesheni, nakusihi, usiifanye hata kwa kipande kimoja. Ile plastiki hushikana na karatasi kwa joto na gundi, na haitoki tena bila kuichana. Tena asidi iliyomo ndani ya karatasi za bei nafuu inabaki humo humo ikiendelea kuila. Selotepu nayo ni adui, kwa kuwa gundi yake hugeuka kahawia na kupenya hadi upande wa pili. Ile iliyokwisha kubandikwa iache ilivyo mpaka umpate mtaalamu. Kinachowezekana nyumbani ni kuondoa pini za stepla zilizoshika kutu: fungua kurasa za katikati, nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu chembamba mpaka inyooke, kisha itoe kwa upande wa nje, bila kuvuta kwa nguvu. Halafu kila kitu kiingie kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi au mfuko wa plastiki ya poliesta ulio wazi upande mmoja. Mifuko laini ya PVC yenye harufu kali, ile ya kwenye mafaili ya ofisini, huyanyonya maandishi yakabaki kwenye plastiki.

Moshi hali ya hewa si mbaya, lakini ukihamishia mzigo huu Dar es Salaam au Tanga utapambana na unyevu, na unyevu huzaa ukungu. Usiegemeze sanduku kwenye ukuta wa saruji wala kuliweka sakafuni, kwa ajili ya mchwa. Ukiona vumbi la wadudu, funga karatasi kavu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ziweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha ziache zirudie joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko.

Kuhusu mnunuzi, sikukatazi kuuza. Watoto wana ada za shule. Ila kabla programu hazijatoka, piga picha sanduku likiwa kama lilivyo, kisha kila karatasi mbele na nyuma, na uandike kwenye daftari nini kilikuwa kimekaa pamoja na nini, kwa sababu hati ya kazi iliyopachikwa ndani ya programu huenda ilikuwa ya gari lililokuwamo kwenye mashindano yenyewe. Kadi za gari na barua zenye majina ya watu usizirushe hapa jukwaani. Mwulize pia kama yuko tayari kuchukua sanduku zima bila kuligawa. Akikataa, programu tatu mpe kwa bei yake, na yale makaratasi mengine yasiingizwe kama nyongeza ya bure.