Mwanangu, nenda, ila usiende peke yako

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama nitakuunga mkono ukiacha kazi ya benki ili uandike programu huria, zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzibadili na kuzigawa, na kama kazi hiyo inamlisha mtu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kumjua aliyekwisha pita njia hiyo.

Nimesoma habari za Werner Koch, Mjerumani. Mwaka 1997 alimsikiliza Richard Stallman, mwanzilishi wa GNU, mradi wa programu huria, akizungumza Ujerumani. Wakati huo sheria za Marekani zilibana upelekaji wa programu za kusimba ujumbe, yaani kuufunga kwa siri, nchi za nje, basi Stallman akawahimiza watu wa Ulaya waandike ya kwao. Koch akaketi akaiandika. Toleo la 1.0 la GnuPG likatoka 1999. Hiyo ndiyo inayofunga barua pepe asiisome ila aliyeandikiwa, na kwa miaka mingi vifurushi vya programu vya Debian, mfumo huria wa kompyuta, vimekaguliwa kwayo visije vikachezewa njiani. Hata seva unazozisimamia zimeegemea jasho lake.

Sasa tuje kwenye kula. Serikali ya Ujerumani iligharimia kuipeleka GnuPG kwenye Windows, na 2001 akaanzisha kampuni yake ndogo, g10 Code. Baadaye fedha zikapungua. Alibaki karibu peke yake, ana mke na mtoto, akipata kama dola 25,000 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2013 alikuwa ameamua kuacha. Edward Snowden, aliyefanyia kazi ujasusi wa Marekani, alipofichua jinsi serikali zinavyopekua mawasiliano, akaona huu si wakati wa kuondoka. Februari 2015 ProPublica, chombo cha habari cha Marekani, wakaandika habari zake, na mara michango ikafikia lengo la yuro 120,000. Facebook na Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, wakaahidi dola 50,000 kila mmoja kwa mwaka.

Wengi husimulia hapo kwa furaha. Mimi inaniuma. Alikuwa akiomba msaada kabla ya hapo, na waliofaidika na kazi yake hawakumsikia mpaka mwandishi wa habari alipomsemea.

Kwa hiyo nakuunga mkono, kwa moyo wote. Lakini usiage benki kabla hujapata mteja mwenye mkataba wa maandishi, iwe hospitali au SACCOS inayohitaji mtu wa kuuweka mfumo na kuutunza. Taja bei yako bila haya. Leseni ya GPL, ile ya programu huria za GNU, haikatazi kutoza. Stallman mwenyewe, alipoacha kazi katika chuo cha MIT 1984, alikuja kuishi kwa kuuza kanda za Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, dola 150 kila moja. Na tafuta wenzako wawili watatu wanaouelewa msimbo wako kama wewe, ili ukiugua kazi isilale.

Kodi ya nyumba ya miezi mitatu nitalipa mimi. Nitumie kwanza rasimu ya mkataba niisome.

Baba yako