Beji ya ajira iseme ajira

Kila Desemba 3 inapokaribia, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, vyama vyetu huulizana beji za mwaka huu ziandikwe nini. Mimi nina ulemavu, na nimeshiriki kuziandaa na kuzivaa. Ushauri wangu: acheni "Tuwajali" na "Tuwapende". Ukivaa beji ya namna hiyo, watu wanakupa pole na kukuombea dua. Wanaoniuliza nina ujuzi gani ni wachache mno.

Andikeni dai. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, hapa Tanzania, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa hiyo beji niipendayo ina maneno haya tu: "ASILIMIA 3. KWENU WAPO?" Anayeisoma lazima aulize asilimia tatu ya nini, na hapo mazungumzo ya ajira yameshaanza. Ila mvaaji awe na jibu. Kabla ya kugawa beji, kaeni na wavaaji muwafundishe sheria hiyo, mpaka kila mmoja aweze kumwambia bosi wa kampuni ya watu 100 kwamba anadaiwa watatu.

Marekani walilifanya hili zamani. Aprili 1977 watu wenye ulemavu walipokalia jengo la serikali San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu, beji zilisema "Sign 504": serikali isaini kanuni za kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachomkataza yeyote anayepokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu wenye ulemavu. Zilisainiwa Aprili 28. Nampenda aliyebuni maneno yale mawili. Hakumwomba mtu huruma.

Kuhusu utengenezaji: chagueni beji kubwa, herufi nene nyeusi juu ya njano, ili mwenye uoni hafifu asome. Msichore kiti mwendo peke yake, maana kiziwi na mwenye ualbino nao wanatafuta kazi. Pini inamsumbua mwenye mkono mmoja, hivyo agizeni na za sumaku, isipokuwa kwa mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Oda yenyewe mpeni fundi mwenye ulemavu. Mlipeni bei ileile anayolipwa fundi mwingine yeyote, siku anayokabidhi mzigo.