Kiingereza Kipi Ndicho Sahihi? Jibu kwa Wadogo Zangu wa Nyegezi

Wadogo zangu, mmeniuliza kama ni kweli kwamba Kiingereza tulichofundishwa shuleni Mwanza "si chenyewe", na kwamba mtu akifika huku Leeds, Uingereza, hulazimika kuanza upya. Nitawajibu bila kuwaficha: hakuna Kiingereza kimoja kinachohesabika kuwa sahihi kila mahali, na Waingereza wenyewe hawaelewani juu yake.

Sisi tuna BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu mwaka 1967, na neno likizozaniwa tunajua pa kuuliza. Kiingereza hakina baraza la namna hiyo. Kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 iliimarisha tahajia ya Kimarekani, ndiyo maana wao huandika "color" na hapa huandikwa "colour", lakini hilo ni dogo. Kubwa ni maana. Kwa Mmarekani "first floor" ni sakafu iliyo usawa wa barabara, ilhali kwa Mwingereza ni ghorofa iliyo juu yake, na mgonjwa mgeni anaweza kuikosa miadi kwa sababu hiyo tu. Tarehe 4/7 huko Marekani ni Aprili 7, hapa ni Julai 4. Huku Yorkshire, eneo lenye mji wa Leeds, wapo wazee ambao wakisema kazi ni "nine while five" wanamaanisha kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na "dinner" kwa wengi wao ni chakula cha mchana, matumizi ambayo mtu wa London huweza kuyaita makosa ingawa wenyewe wameyarithi kwa wazazi wao.

Linaloniuma ni kwamba wengi wanaoambiwa Kiingereza chao ni kibovu hawajakosea chochote, bali wanahukumiwa kwa lafudhi. Mtu wa Yorkshire naye huonja dharau hiyo akienda kusini, ila sisi tunahukumiwa na kwa rangi pia. Kwa hiyo nawaomba msimcheke mwenzenu darasani kwa lafudhi ya Kisukuma, kwa maana anayechekwa hunyamaza, na huku anayenyamaza kwenye usaili hapewi kazi.

Kwa yule anayejiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza: tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote hukubaliwa, lakini ashike moja. Sehemu ya kusikiliza ina lafudhi za Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, hivyo aanze sasa kusikiliza redio za nchi hizo zote kwenye simu, asitegemee ya London peke yake.